MAJI KWANZA, MATOFALI BAADAYE
Somo la kupanga kazi za ujenzi

Watu wengi hudhani kwamba kazi za ujenzi hukwama kwa sababu ya uhaba wa fedha tu. Fedha ni muhimu, lakini mara nyingi kazi hukwama kwa kuwa jambo la kutangulia limeachwa nyuma. Katika makala haya tutalieleza jambo hilo kwa mfano wa Ulyankulu, kisha tutaonyesha hesabu ambayo kila mwanafunzi aweza kuifanya.

Ulyankulu iko kaskazini-magharibi ya mji wa Tabora, katika nchi ya miombo aliyoitawala Mtemi Mirambo hadi alipofariki mwaka 1884. Mwaka 1972 palianzishwa hapo makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na shirika la Kikristo la TCRS. Misitu ilifyekwa, vijiji vikajengwa. Lakini idadi ya watu ilizidi uwezo wa ardhi na maji ya mahali pale, na kuanzia mwaka 1978 zaidi ya watu 20,000 walihamishiwa Mishamo, ambako leo ni Mkoa wa Katavi. Waliokwisha kujenga na kulima walilazimika kuanza upya.

Kosa la namna hiyo lilikwisha kutokea katika mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliagizwa kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa vya kutosha. Mradi ulivunjwa mwaka 1951.

Je, kazi ipi itangulie? Mwaka 1957 wataalamu wa kampuni za du Pont na Remington Rand, huko Marekani, walibuni njia ya kulijibu swali hilo kwa hesabu. Tuchukue mfano wa darasa moja la kijijini:

A. Kusafisha kiwanja na kufikisha maji: majuma 2.
B. Kufyatua, kukausha na kuchoma matofali (baada ya A): majuma 8.
C. Kujenga msingi (baada ya A): majuma 3.
D. Kuagiza na kusafirisha mabati na mbao (huanza mara moja): majuma 9.
E. Kuinua kuta (baada ya B na C): majuma 4.
F. Kuezeka (baada ya D na E): majuma 2.

Sasa tujumlishe kila njia. A-B-E-F ni majuma 16. A-C-E-F ni 11. D-F ni 11. Njia iliyo ndefu kuliko zote huitwa njia muhimu, kwani ndiyo inayoamua urefu wa kazi nzima. Msingi ukichelewa majuma 5, darasa halichelewi hata siku moja. Maji yakichelewa juma 1, darasa zima huchelewa juma 1, hata mafundi wakiongezwa kwenye msingi.

Mkoani Tabora mvua huanza yapata Novemba. Tukirudi nyuma majuma 16, twaona kwamba kazi isipoanza kabla ya katikati ya Julai, mvua zitazikuta kuta hazijaezekwa.

Hesabu hii haitaonyesha kama kisima kina maji ya kutosha. Hilo hujulikana kwa kupima, na kipimo cha kuaminika ni cha mwisho wa kiangazi, maji yanapokuwa machache kabisa. Kisima kinachopimwa mwezi Aprili kitamdanganya mpimaji. Kwa hiyo ujenzi wa Julai huanza, kwa kweli, na kipimo cha Oktoba iliyotangulia.

Maswali

1. Mabati na mbao zikichelewa majuma 6, darasa litachukua majuma mangapi?
2. Matofali yakiwa tayari kwa majuma 3 tu, njia muhimu itakuwa ipi?
3. Orodhesha kazi za ujenzi mmoja unaoendelea kijijini kwenu, kisha utafute njia yake muhimu.