Machungwa yanaoza kabla hayajauzika? Soma hapa

Somo hili ni la wewe unayeposti machungwa, malimao na machenza kwenye status, halafu unapeleka kwa boda hapa Mwanza.

Tupige hesabu kwanza. Tuseme umenunua machungwa 100 kwa sh 200, unauza sh 300. Yote yakiuzika, faida ni sh 10,000. Yakioza 20, inabaki 4,000. Yakioza 34, umekula mtaji.

Adui ni nani?

Ni ukungu wa kijani, na ndugu yake wa bluu. Huanza kama doa laini lenye majimaji, unakuja weupe, halafu unga wa rangi. Ule unga ni mbegu za ukungu, zinaruka hewani. Lakini kumbuka hili: ukungu wa kijani hauingii kwenye ganda zima. Unapita kwenye kidonda: kucha, kikonyo kirefu cha chungwa la jirani, au gunia lililotupwa chini. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuzuia vidonda.

Fanya hivi:

1. Ukinunua shambani, iwe Ukerewe au Muheza, omba yakatwe kwa mkasi na kikonyo kiachwe kifupi kabisa. Yasichumwe yakiwa na maji ya mvua au umande.

2. Beba kwenye kreti au tenga lililotandikwa kitu laini. Gunia linabana na kuchubua.

3. Mzigo ukifika, chambua siku hiyo hiyo. Yenye michubuko uza kwanza, hata kwa bei ya chini.

4. Osha kwa maji yenye beking soda (siyo beking poda): vijiko 2 vya chakula kwa lita 1. Loweka dakika 2 hadi 3, suuza kidogo, kausha kivulini. Inasaidia zaidi kama kidonda hakijapita siku moja. Lililokwisha kuoza haliponi.

5. Kagua kila asubuhi. Lenye unga usilifute kwa kitambaa, unasambaza mbegu! Livishe mfuko taratibu, litoe nje, utupe mbali na stoo.

6. Kreti tupu zioshe kwa sabuni, kisha dawa ya klorini, zianikwe juani.

7. Usifunge kwenye nailoni isiyopitisha hewa. Jasho la ndani ni chakula cha ukungu. Tumia mfuko wa wavu au boksi lenye matundu.

Na tafadhali, usikate upande uliooza ukauza uliobaki kama juisi. Ladha imeshaharibika, na mteja wa mtandaoni akikasirika anapiga screenshot, wateja 50 wanaona.

Wewe mzigo wako huwa unakaa siku ngapi kabla ya kuanza kuoza? Andika kwenye komenti, na mtumie somo hili mwenzako anayeuza matunda.