VIZA SI RUHUSA YA KUKAA
Somo kuhusu kuongeza muda ugenini

Mpenzi msomaji, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naam, kwa maafisa wa uhamiaji mambo ni tofauti. Mgeni wao huhesabiwa siku, na zikiisha hapewi jembe, huonyeshwa mlango! Katika somo hili tutaitazama Marekani, kwa kuwa wengi wetu tuna shangazi, mjomba au kaka huko, na wazee wetu huenda kuwatembelea.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kama mahindi na maharagwe ya githeri. Viza hubandikwa katika pasipoti na ubalozi. Kazi yake ni kukufikisha mlangoni tu. Ruhusa ya kukaa ni kitu kingine. Hutolewa na afisa unayemkuta ukishafika, naye huweka tarehe ya mwisho katika rekodi iitwayo I-94. Zamani I-94 ilikuwa kadi ya karatasi. Tangu 2013, rekodi ya anayefika kwa ndege huwekwa kwenye kompyuta, na mgeni huisoma kwa intaneti. Mwenye viza ya matembezi, yaani B-2, kwa kawaida hupewa miezi 6.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme nyanya yako amekwenda Minneapolis kumwona mjukuu mchanga. Viza yake bado ina miaka miwili, lakini I-94 inasema 10 Septemba. Je, mwisho wake ni lini? Wengi watajibu, "Si viza bado iko!" La hasha! Mwisho wake ni 10 Septemba. Ikipita naye hajaomba chochote, basi amevunja sheria, hata viza ing'ae namna gani.

Lakini je, kama mama mtoto hajapata nafuu na nyanya angependa kubaki? Njia ipo, nayo ni hii:

(a) Aombe kabla ya tarehe ya I-94 kupita. Idara ya USCIS, inayopokea maombi hayo, hushauri yafike angalau siku 45 mapema. Kwa nyanya, hiyo ni 27 Julai. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

(b) Ajaze fomu I-539 na kulipa ada.

(c) Aeleze kwa maandishi kwa nini anataka kubaki, hadi lini, nani atagharamia, na nini kitamrudisha nyumbani: shamba, biashara au jamaa. Pasipoti nayo isiwe imeisha.

(d) Asifanye kazi ya mshahara hata siku moja.

(e) Aitunze risiti ya ombi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Akikubaliwa, huongezwa muda usiozidi miezi 6 kwa ombi moja. Ombi la kweli lililopelekwa kwa wakati humkinga: siku za kungojea jibu hazihesabiwi kuwa za kukaa bila ruhusa. Akinyimwa baada ya tarehe yake kupita, afunge virago mara moja.

Je, akinyamaza tu akae? Hapo ndipo pana kilio. Kwanza, viza yake hufutika, na itambidi aombe nyingine huku kwao. Pili, kuna sheria ya 1996. Mtu akikaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, kisha akaondoka, hufungiwa mlango kwa miaka 3. Akikaa mwaka au zaidi, ni miaka 10. Hebu piga hesabu: yule mjukuu aliyembeba mgongoni atakuwa mtoto wa miaka kumi na moja, asiyemjua nyanya ila kwa picha. Yote hayo kwa sababu ya tarehe moja ambayo haikusomwa!

Kwa hivyo, ndugu msomaji, mzee wa kwenu akisafiri, usimwulize tu viza yake inaisha lini. Mwulize, "I-94 yako inasemaje?"

ZOEZI
1. Eleza tofauti kati ya viza na ruhusa ya kukaa.
2. Mjomba ameandikiwa 31 Agosti. Kwa ushauri wa siku 45, ombi lake lifike kufikia tarehe gani?
3. Tunga sentensi kwa: virago, ada, uhamiaji.