Ngozi Iliyochakaa

Katika mji wa Hiroshima, nchi ya Japani, kuna kiwanda kikubwa cha kampuni ya Mazda. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1920, na kazi yake ya kwanza haikuwa kuunda motokaa, bali kutengeneza vitu vya koki, yaani gome jepesi la mti kama lile la kuzibia chupa. Mwezi wa Februari, mwaka 1989, kampuni hiyo ilionyesha katika mji wa Chicago, Marekani, motokaa ndogo iitwayo MX-5. Ina viti viwili tu, na paa lake la turubai hukunjwa nyuma. Injini iko mbele, nayo huzungusha magurudumu ya nyuma. Watu wengi waliipenda, hata ilipofika mwaka 2016 zilikuwa zimekwisha undwa MX-5 milioni moja.

Zile za kwanza sasa ni kuukuu. Injini yaweza kuwa nzima bado, lakini vitu vya ngozi na mpira huharibika kwa jua, kwa joto, na kwa kushikwa kila siku. Hivyo ndivyo inavyokuwa penye mkono wa gia.

Palikuwa na kijana mmoja katika nchi hiyo aliyeachiwa motokaa ya namna hii na marehemu baba yake. Kirungu cha gia kilikuwa kimelainika kwa kiganja cha mzee, na kifuniko cha ngozi chini yake kilikuwa kimepasuka. Kijana aliona haya kuwapakia rafiki zake. Akanunua kirungu kipya na kifuniko kipya, akavitia kwa haraka, akafurahi.

Lakini siku ya tatu aliona kwamba joto lilikuwa likipanda miguuni pake, na kelele za chini zilisikika kama zamani. Tena gia zilikuwa nzito kuingia. Akaipeleka motokaa kwa fundi mmoja mzee, akamwambia, "Bwana Fundi, nimekwisha badili kila kitu, lakini taabu haikwisha."

Fundi akamjibu, "Mwanangu, umebadili kile kinachoonekana. Je, umetazama chini yake?"

Kijana akanyamaza. Basi fundi akamwonyesha kazi yote tangu mwanzo.

Kwanza waliiacha motokaa ipoe kabisa mahali pa tambarare. Wakavuta breki ya mkono, wakaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kisha wakafungua waya wa hasi wa betri, ambayo katika motokaa hii hukaa nyuma, mahali pa mizigo. Fundi akazungusha kirungu kinyume cha mwendo wa saa mpaka kikatoka. Wakafungua skrubu za sanduku la katikati, wakaziweka katika kibati kwa taratibu, ili kila moja irudi mahali pake. Wakaliinua sanduku polepole, wakachomoa nyaya zilizo chini yake bila ya kuzivuta kwa nguvu.

Hapo kijana akaona jambo asilolijua. Chini ya ngozi palikuwa na kifuniko kikubwa cha mpira, nacho kimefungwa kwa bolti nne. Kazi yake ni kuzuia joto na kelele za chini zisiingie ndani. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka pande zote. Fundi akautoa. Chini yake palikuwa na kifuniko kingine kidogo cha mpira, kilichoshika shina la mkono wa gia. Hicho huzuia vumbi lisiingie na mafuta yasitoke. Nacho pia kilikuwa kimeraruka.

Fundi akafungua bolti tatu, akauchomoa mkono wa gia wote. Ndani ya shimo mafuta yalikuwa yamebaki machache, tena meusi na yenye uchafu. Kwenye ncha ya mkono kulikuwa na kipande kidogo cha plastiki kama kikombe, nacho kimelika upande mmoja. "Hii ndiyo sababu ya gia kuwa nzito," akasema fundi. "Chuma kimekosa mafuta, na kikombe hiki kimechakaa."

Akanyonya mafuta mabovu kwa bomba la sindano, akalipangusa shimo kwa kitambaa safi, asiache hata uzi mmoja ndani. Akatia kikombe kipya na mpira mdogo mpya, akamimina mafuta mapya ya gia, akarudisha mkono mahali pake. Akakaza bolti zamu kwa zamu, kila moja kidogo kidogo, ili mpira ukae sawasawa. Kisha akatia mpira mkubwa, na mwisho kabisa sanduku na kifuniko cha ngozi. Kabla ya kuwasha injini, akamwambia kijana akanyage klachi na kujaribu gia zote. Zikaingia kwa wepesi.

Ilibaki kazi moja. Fundi alikishika kile kirungu kipya, akauliza, "Na cha zamani kiko wapi?"

"Nimekitia katika pipa la takataka nyumbani."

"Kimevunjika?"

"La, kimelainika tu kwa mkono wa baba."

Fundi akamtazama, akasema, "Ngozi iliyoraruka haifai tena, na mpira uliopasuka haufai. Lakini kuchakaa si kuharibika kila mara. Kitu kizima kilichotumiwa sana ni shahidi wa mtu aliyekitumia."

Kijana hakujibu neno. Aliondoka mbio, akaenda nyumbani, akapekua lile pipa kwa mikono yake mwenyewe mpaka akakiona kirungu. Akakiosha, akakikausha, akakirudisha motokaani. Tangu siku ile, kila alipotia gia, kiganja chake kilikaa pale pale alipoweka baba yake kiganja miaka mingi.

Mwenye kupamba juu na kuacha ubovu chini hajatengeneza kitu, ameuficha tu. Na mwenye kutupa kila cha zamani bila ya kukitazama, huenda akatupa kilicho bora. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI

1. Kampuni ya Mazda ilianza kwa kazi gani, na mwaka gani?
2. Kwa nini joto liliendelea kupanda baada ya kijana kubadili ngozi?
3. Eleza kazi ya mpira mkubwa na kazi ya mpira mdogo.
4. Kwa nini fundi alikaza bolti zamu kwa zamu?
5. Taja kitu cha zamani nyumbani kwenu kilichochakaa lakini hakikuharibika. Ni nani aliyekitumia?