SOMO LA WIKI: Helikopta hulipa kwa saa, si kwa sifa

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, bei ya kukodi helikopta hupanda, na wenye mitaji midogo huanza kualikwa kuchangia ununuzi wa chombo. Kabla hujatoa fedha, msomaji, ifahamu mali yenyewe.

Tuchukue AS350 ya Ufaransa, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974 na ambayo sasa huuzwa na Airbus kwa jina la H125. Ina injini moja, hubeba rubani na abiria watano au sita, na tangi lake huchukua lita 540 za mafuta. Wapenzi wa chombo hiki hukifaa kwa kazi nyingi: kusafirisha watalii na wagonjwa, kukagua nyaya za umeme, doria za polisi, kuzima moto, na kuning'iniza mizigo hadi kilo 1,400.

Tarehe 14 Mei 2005 rubani Didier Delsalle alitua na chombo cha aina hii juu ya kilele cha Everest. Lakini alikuwa peke yake. Hewa ya juu na ya joto ni nyepesi, hivyo nguvu ya kunyanyua hupungua. Mzigo unaobebwa Mombasa asubuhi huenda usibebeke Nairobi mchana. Mzigo ukipungua, mapato ya safari nayo hupungua.

Sasa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, bima, mishahara, maegesho na riba ni dola 300,000 kwa mwaka, iruke isiruke. Mafuta na matengenezo ni dola 700 kwa saa, na mteja hulipa dola 1,700. Kila saa hubakiza dola 1,000. Kwa hiyo saa 300 za kwanza hulipia gharama tu. Ukiruka saa 450, faida ni dola 150,000. Ukiruka saa 200, hasara ni dola 100,000.

Hapo ndipo penye mtego. Wagombea walikodi kwa wingi mwaka 2013, 2017 na 2022, lakini kura zikishahesabiwa wateja hao huondoka. Bima na riba hazifuati kalenda ya siasa.

Basi uliza mambo manne. Je, kuna mkataba wa kudumu wa utalii, umeme au uokoaji? Injini na vipuri vyenye ukomo wa matumizi vimebakiza saa ngapi? Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kiko kwa jina la nani? Na deni la mkopo ni la dola ilhali wateja wanalipa shilingi?

Asiyeweza kukujibu kwa maandishi, mwache aruke na fedha zake mwenyewe.