Uhuru Unaelekea Wapi?

Tangu Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kizinduliwe mwaka 2019 kati ya Tunduma na Nakonde, taratibu za nchi mbili humalizwa mahali pamoja. Lakini geti likifunguka, dereva asiyejua mzigo wake unakwenda wapi atafaidika nini?

Ndivyo ulivyo uhuru wetu. Kijana anayebeti usiku kucha husema hakuna anayemzuia. Je, yuko huru, au tamaa ndiyo inayomwendesha? Mtaguso wa Pili wa Vatikano (Gaudium et Spes, 17) unafundisha kuwa aliye huru huchagua mema kwa hiari, bila kutawaliwa na tamaa. Mtume Paulo (Gal 5:13) anatuonyesha mwisho wa safari: kuwahudumia wenzetu.

Tujiulize jioni hii: uhuru wetu leo umemfaa nani?