Ganzi ya Mkono Inaporejea Baada ya Upasuaji
Mvuvi wa Ujiji aliyepasuliwa kiwiko ili kuufungua mshipa wa fahamu uliobanwa, kisha ganzi ikarejea kwenye kidole kidogo na cha pete, asiharakishe kupasuliwa tena. Huenda kovu limeubana upya mshipa huo, au haukufunguliwa wote. Pengine kasoro iko shingoni. Aombe kwanza nakala ya taarifa ya upasuaji wa awali, kwani bila hiyo daktari wa pili hubahatisha. Aipeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, kabla ya safari ndefu ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Katika upasuaji wa pili mara nyingi mshipa huhamishiwa mbele ya kiwiko, lakini nafuu yake kwa kawaida haifikii ya kwanza; aulize hilo kabla ya kutia saini. Nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada ikianza kusinyaa, asingoje.