SOMO LA VIKUNDI: ALUMINI, SHABA NA RISASI CHAKAVU KATIKA VYAMA VYETU



Ukizunguka nyuma ya ghala la chama cho chote cha msingi katika Kibondo au Kasulu, hutakosa kuona rundo la vitu vibovu. Mna sufuria zilizotoboka, mabomba ya kunyunyizia dawa, vipande vya mashine ya kumenya kahawa, kava za injini za pikipiki, nyaya, na betri za sola zilizokufa. Katika vitabu vya chama rundo hilo halina ukurasa. Siku moja mnunuzi hupita na pikipiki, hulitazama, hutaja bei ya jumla bila mizani, nalo huondoka. Mkutano mkuu hauulizi, kwa kuwa hakuna aliyepata kuliona kuwa ni mali.

Somo hili lahusu rundo hilo, na lahusu pia mambo yaliyo mbali nalo: bei ya umeme, hewa ya ukaa, na uwezo wa viwanda kushindana sokoni. Mambo hayo mawili yameshikamana kuliko tudhanivyo.

Metali zisizo chuma

Alumini, shaba, risasi, zinki, bati na nikeli huitwa kwa pamoja metali zisizo chuma. Ziko njia nyepesi za kuzitambua. Sumaku haivuti alumini, shaba wala risasi. Kwa ujazo ulio sawa, ikiwa maji yana uzito wa 1, alumini ina 2.7, chuma 7.9, shaba 8.9 na risasi 11.3. Kwa hiyo kipande cheupe kisichovutwa na sumaku, nacho ni kizito kupita kiasi mkononi, si alumini. Huenda ni mchanganyiko wa zinki, kama ulio katika kabureta nyingi. Kipande hicho kikitupwa katika chungu cha alumini huharibu vyote. Mnunuzi ajuaye kazi yake hushusha bei ya gunia zima kwa sababu ya kilo mbili za namna hiyo, na hana kosa.

Hata sasa watu wa kwetu husikia habari za nikeli ya Kabanga wakadhani ni Kabanga yetu ya Kasulu. Sivyo. Nikeli iko Kabanga ya Ngara, mkoani Kagera. Serikali ilitia saini mkataba na wawekezaji wake Januari 2021, ikachukua hisa asilimia 16, na wenye mradi walipanga kuisafisha nikeli Kahama kwa vimiminika vya kemikali badala ya kuiyeyusha katika tanuri, hoja yao ikiwa ni kupunguza moshi na gharama. Nikeli hiyo si yetu kuchimba. Lakini hoja ya moshi na gharama ni ileile itakayotusaidia kulielewa rundo letu.

Kwa nini kikuukuu kina bei

Alumini mpya hutoka katika udongo uitwao boksiti. Tani 4 hivi za boksiti hutoa tani 2 za unga mweupe, na unga huo hutoa tani 1 ya alumini. Hatua ya mwisho hufanywa kwa umeme, na hapo ndipo penye gharama: tani moja hula uniti 14,000 hivi. Nyumba inayotumia uniti 75 kwa mwezi, ambacho ndicho kikomo cha wateja wadogo wa TANESCO, ingeutumia umeme huo kwa zaidi ya miaka 15.

Umeme huo ukitoka katika makaa ya mawe, kila uniti hutoa kilo moja hivi ya hewa ya ukaa. Tani moja ya alumini basi imekwisha kutoa tani 14 za hewa hiyo kabla hatujahesabu uchimbaji wala usafirishaji. Ukitoka katika maporomoko ya maji, sehemu kubwa ya hesabu hiyo hufutika. Lakini alumini iliyokwisha kuwa sufuria haihitaji tena kazi hiyo. Huyeyuka kwa nyuzi 660 tu za sentigredi, na kuiyeyusha upya hutumia kiasi cha asilimia 5 ya nguvu iliyotumika kuifanya mara ya kwanza. Sufuria iliyotoboka, kwa maneno mengine, ni umeme uliowekwa akiba.

Nchi zenye viwanda zimeanza kuitia hewa ya ukaa katika bei. Umoja wa Ulaya ulianza Oktoba 1, 2023 kuwataka waagizaji wa chuma, alumini, saruji, mbolea na bidhaa nyingine chache watoe taarifa ya hewa ya ukaa iliyotoka katika kuzitengeneza. Na kuanzia Januari 1, 2026 hesabu hiyo imeingia katika malipo. Hatuuzi sufuria Ulaya. Ila mwenye kiwanda Dar es Salaam au Mombasa anayetaka kuuza nje hutazama malighafi yake kwa jicho jipya, na malighafi yenye ukaa kidogo kuliko zote ni ile iliyo nyuma ya ghala lako.

Jambo la umeme lisichukuliwe kwa wepesi. Kiwanda cha alumini cha Mozal, karibu na Maputo, kilianza kazi mwaka 2000, kikawa kikubwa kuliko vyote vya namna yake katika Msumbiji, na umeme wake ulitegemea bwawa la Cahora Bassa. Mwaka 2025 wenyewe walitangaza kwamba hawakupata mkataba mpya wa umeme kwa bei wanayoiweza, na kwamba kiwanda kingesimamishwa mkataba wa zamani utakapokwisha Machi 2026. Kiwanda kilikuwa na mafundi, na bandari, na soko; kilichokosekana ni umeme wa bei wanayoimudu.

Kwetu, miaka mingi Kibondo na Kasulu ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli. Mwaka 2022 wilaya hizi ziliunganishwa na gridi ya Taifa kupitia Nyakanazi. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limeingia katika gridi hiyo, na mradi wa megawati 49.5 wa Mto Malagarasi uko mkoani mwetu. Hatusemi kwamba kesho tutajenga kiwanda Kasulu mjini. Twasema kwamba fundi wa kusubu hatalazimika daima kutumia makaa ya miti.

Tanuri la fundi

Mafundi wetu huyeyusha alumini katika shimo lenye makaa na mvukuto au feni, kisha huimimina katika kalibu ya mchanga. Kazi hii ni ya heshima, nayo imelisha nyumba nyingi. Lakini tuipime.

Kuyeyusha kilo moja ya alumini kwahitaji, kwa hesabu ya joto peke yake, uniti 0.3 hivi za nguvu. Kilo moja ya makaa mazuri ina nguvu ya kutosha kuyeyusha kilo zipatazo 28. Hakuna fundi wa shimo afikaye hata karibu na hapo, kwa sababu moto mwingi huenda hewani. Kumbuka pia kwamba kilo moja ya makaa imekula kilo 6 hadi 10 za kuni katika tanuri la udongo, katika wilaya ambako mabani ya tumbaku na kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, zimekwisha kuugusa msitu wa miombo kwa miaka mingi. Kuta za udongo wa mfinyanzi zilizo nene, kifuniko juu ya chungu, na kuanza na vipande vizito kabla ya vyembamba: mambo haya matatu hayahitaji mkopo. Vipande vyembamba vikitupwa motoni peke yake huungua vikawa gamba jeupe, na sehemu ya mali hupotea.

Wako mafundi wanaotia chumvi ili gamba lijitenge. Wana haki, hata viwanda vikubwa hutumia chumvi, nasi tunayo ya Uvinza hapa karibu. Sharti iwe kavu kabisa. Alumini iliyoyeyuka ikikutana na maji, hata unyevu uliojificha ndani ya pistoni, hulipuka na kumrukia fundi usoni. Kila kipande kianikwe juani na kupashwa moto kando ya tanuri kwanza.

Na jambo moja ambalo halipendezi kusema. Uchunguzi uliofanywa Cameroon na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba sufuria za kusubu zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu vilivyochanganywa zaweza kutoa risasi ndani ya chakula. Chanzo ni mchanganyiko. Fundi atengenezaye sufuria na atenge alumini safi, kama vile sufuria kuukuu na waya wa umeme wa alumini. Kava za injini na takataka za redio azitumie kwa vitu visivyopikiwa.

Betri

Hapa ndipo somo hili lilipo, na kama kikundi kina saa moja tu, kiitumie hapa.

Betri ya sola ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 25 hadi 30, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, yaani hata juu ya jiko la kawaida. Wepesi huo ndio unaoleta maafa. Mtu huipasua betri kwa shoka, humwaga tindikali uani, huyeyusha mabamba katika karai, na vumbi lake huingia katika nguo, katika udongo wanaochezea watoto, na katika kisima. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto hudhuru ubongo, na ubongo uliodhurika haurudi.

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa kando ya mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wenye watu wapatao 3,000. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wake. Mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi. Aliacha kazi, akawakusanya majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Hesabu miaka: kumi na saba tangu moshi wa kwanza. Na huko Thiaroye-sur-Mer, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sababu ya betri zilizopasuliwa mtaani mwao.

Risasi yenyewe haina kosa. Betri ni kati ya vitu vinavyorudishwa kiwandani kuliko vyote duniani, na kazi hiyo hufanywa salama pale penye vichujio vya moshi na vipimo vya damu. Kosa ni kuipasua kijijini. Chama kipokee betri nzima, ikiwa na tindikali yake, isimame wima juu ya ubao chini ya paa, mbali na mahindi na mbegu. Betri ni taka hatarishi: kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zataka anayeikusanya na kuisafirisha awe na kibali. Kwa hiyo muuzieni mwenye kibali, nanyi mtake kukiona kwa macho.

Hesabu ya chama

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Tuseme mnunuzi wa mlangoni hutoa shilingi 2,000 kwa kilo ya alumini, na kiwanda hutoa 4,000. Gari ni shilingi 300,000, kibali na upakiaji 200,000, na uchafu hupunguza uzito kwa asilimia 5.

Chama kimoja chenye kilo 200 kitapata kiwandani 800,000, kitoe 500,000 za gharama na 40,000 za uchafu: kinabaki na 260,000. Mlangoni kingepata 400,000. Kimepoteza 140,000 kwa kujitia biashara. Sasa vyama kumi vyenye kilo 60 kila kimoja: kilo 600 ni 2,400,000, ukitoa 500,000 na 120,000 zinabaki 1,780,000, badala ya 1,200,000 za mlangoni. Faida ni 580,000, yaani 58,000 kwa chama.

Fedha hiyo haijengi ghala, na atakayewaambia vingine anawadanganya. Shaba yafaa zaidi: Mei 2024 bei yake duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, wakati alumini ilikuwa karibu robo yake. Lakini shaba ina mitego miwili. Waya uliochomwa moto ili kuondoa plastiki hutoa moshi wa sumu na hushuka bei. Umenywe kwa kisu. Na waya ulioibwa katika transfoma humfikisha mnunuzi mahakamani pamoja na mwizi. Pasiwe na kilo inayopokelewa bila mizani, bila stakabadhi, na bila jina la mleta na mahali kilipotoka kitu. Barabara ya lami ya Kabingo hadi Manyovu, kilomita 260, yapunguza nauli. Daftari la mapokezi halina budi kuandikwa na katibu.

Kabla ya kuanza, someni masharti ya chama. Ikiwa biashara hii haimo, mkutano mkuu uyarekebishe kwa utaratibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na msajili ajulishwe.

Maswali ya kujadili

1. Pimeni rundo la chama chenu kwa mizani, aina kwa aina. Ni kilo ngapi za alumini, shaba na betri? Nani aliuza mara ya mwisho, na fedha iliingia ukurasa gani?

2. Kwa tarakimu za mfano hapo juu, ni kilo ngapi zinazofanya mauzo ya kiwandani yalingane na ya mlangoni? Rudieni hesabu kwa bei mtakazoulizia wenyewe.

3. Katika kijiji chenu, nani hupasua betri, na watoto wanaoishi karibu naye ni wangapi? Mtamwendea nani kwanza: yeye mwenyewe, mwenyekiti wa kijiji, au mganga wa zahanati?